Bomba Moja, Fremu Moja: Siku Zetu za Kutafuta Kiti Mwendo cha Bei Nafuu

Siku ya kwanza, Jumatatu. Tanga hadi Moshi

Tumetoka Makorora alfajiri, mimi na mpwa wangu, na kiti chake kimefungwa kamba ya katani kwenye uma wa gurudumu la mbele. Kamba hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Mpwa wangu ana miaka kumi na sita. Alianguka mwembeni akiwa na miaka kumi na miwili, uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo miguu haina nguvu wala hisia. Kiti alipewa kwa msaada, kipya, kinang'aa. Mwezi wa tano uma wa kushoto ulikatika akiwa njiani kwenda shule. Nilichomelea. Ukakatika tena kando ya pale nilipochomelea, kwa sababu chuma chenyewe ni chembamba. Tairi za nyuma ni inchi 24, nyembamba, na maduka ya baiskeli niliyozunguka Tanga yana 26 na 28. Ya kwake sikuipata.

Mimi ni fundi chuma, mwaka wa kumi na nane sasa. Natengeneza mageti, grili na vitanda. Mwaka jana nilijitosa nikamtengenezea kiti mwenyewe. Kilinichukua siku sita, vifaa vikanigharimu kuliko kiti cha dukani kutoka nje, na bado kilikuwa kinavuta kushoto. Baada ya wiki mbili akaniambia, "Mjomba, mkono wa kushoto unaniuma." Maneno hayo hayajanitoka kichwani. Kwa nini kiti nilichotengeneza kwa mikono yangu, kwa mapenzi yote, kiwe ghali na tena kibaya? Shule zimefungwa, nikaona twende tukaulize wanaojua.

Konda alitaka kulipisha kiti kama mzigo. Abiria wakamjia juu, mama mmoja wa Muheza mwenye kikapu cha machungwa akisema, "Hiyo ni miguu yake, utalipisha miguu?" Tukapanda. Baada ya Mombo mpwa akalala, milima ya Usambara na kisha ya Upare ikitusindikiza mkono wa kulia mpaka Same. Moshi tumefika saa tisa, vumbi tupu.

Siku ya pili. KCMC

Ndani ya eneo la hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981. Wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika, na hapo pia wamefundishwa mafundi wa viti mwendo, mafunzo yaliyoandaliwa pamoja na Motivation, shirika lililoanzishwa Uingereza mwaka 1991. Mmoja wa waanzilishi wake, David Constantine, mwenyewe anatumia kiti.

Nilikwenda nikitegemea kuzungumza vyuma. Mama wa makamo aliyetupokea hakugusa kiti kwanza. Alimsalimia mpwa, akamuuliza anaishi wapi, barabara ikoje, mlango wa choo una upana gani, anahama vipi kutoka kitandani. Mlango wa choo! Nilikuwa nimepima mageti ya watu mji mzima, sijawahi kupima mlango wa choo cha dada yangu. (Nimempigia simu jioni, akapima kwa futikamba: sentimita 62.)

Kisha akampima. Upana wa nyonga, sentimita 34. Urefu wa paja kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, halafu akatoa kidogo ili ukingo wa kiti usikate mshipa nyuma ya goti. Kutoka goti hadi kisigino. Kiti cha msaada kina upana wa kukalia wa sentimita 46. Zile 12 za ziada ndizo zinazomfanya ainamie upande kila siku, na ndizo zinazomfanya atanue mikono kama kuku anayekinga vifaranga ili ayafikie magurudumu.

Akaniomba nitoke. Mpwa alinieleza baadaye. Yule mama aliingiza vidole kati ya mto na mfupa wa makalio, akajaribu kuvichezesha juu na chini. Havikucheza. Maana yake uzito wote umekaa kwenye mfupa, na mto umekufa. Akamkagua ngozi, akakuta alama nyekundu ambayo haififii hata asipokalia. Mtu asiyekuwa na hisia haoni maumivu, kwa hiyo alama inakuwa kidonda, kidonda kinafika mfupani, na kwa vidonda hivyo watu waliopooza wanakufa.

Niliporudi chumbani mpwa alikuwa kimya. Nami nilinyamaza. Nilikuwa nimekuja na swali la bei, na nilikuwa karibu kumrudisha nyumbani juu ya mto uliokufa.

Mtaalamu akasema jambo ambalo nimeliandika mkononi kwa kalamu kwa kukosa karatasi: kiti cha bei ndogo kisichomtosha mtu hakijapunguza gharama, kimezihamishia hospitali. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo vya kusukumwa kwa mikono kwa nchi zenye uhaba mwaka 2008, na ndani yake kiti kinachofaa ni kile kinachoendana na mwili wa mtu, na mazingira yake, na kinachoweza kupatikana na kutunzwa nchini kwake. Shirika hilohilo linakadiria watu milioni 80 duniani wanahitaji kiti mwendo. Wengi hawana hata hicho kisichowatosha.

Siku ya tatu. Karakana ya Mzee

Leo ndiyo siku yenyewe.

Tumeelekezwa kwa fundi mmoja pembezoni mwa mji. Ameniomba nisimtaje, nami nitamwita Mzee. Ana vijana wanne na karakana isiyozidi yangu kwa ukubwa. Nilimwamkia, nikamweleza kilichotuleta, akamtazama mpwa, akasema, "Karibu mwanangu. Huyu mjomba wako alichoma fremu ikiwa imelala chini, siyo?"

Ni kweli. Niliichoma sakafuni.

Akakivuta kiti kipya kilichokuwa bado hakijapakwa rangi, akakiweka juu ya kigae laini kabisa, akachana kipande cha gazeti na kukipitisha chini ya gurudumu moja baada ya lingine. Gazeti liligoma kote kunne. "Karatasi ikipita, gurudumu moja linaelea. Likielea, kiti kinavuta upande. Kikivuta, mkono mmoja unafanya kazi ya mikono miwili mpaka uzeeni." Sikumtazama mpwa usoni.

Siri yake ni meza ya chuma nzito yenye vishikio na pini zilizochomewa juu yake, mafundi tunaiita jigi. Kila bomba lina kitanda chake. Ukilaza vipande vyote na kukaza boliti, haviwezi kukaa vibaya hata ukitaka. Unashikiza kwa nukta kila kiungo, kisha unamalizia kwa kurukaruka, kiungo cha kulia, kisha cha kushoto, ili moto usivute fremu upande mmoja. Mimi nilichoma upande wa kushoto wote ukaisha ndipo nikahamia kulia. Chuma kikipoa hujivuta. Hilo nalijua tangu uanagenzi, na kwa geti nalizingatia. Kwa kiti sikulizingatia kwa sababu nilikuwa nakimbizana na siku.

Kuitengeneza jigi kulimchukua wiki tatu bila kuuza kitu. Sasa fremu moja inachomwa kwa muda wa kuchemsha maharage.

Halafu akanionyesha ubao. Nitaueleza polepole maana hapo ndipo pesa ilipo. Bomba tunalonunua lina mita sita. Kiti chake kina mbavu mbili na mgongo, vyote vya bomba la kukunja, na alipanga vyote vitatu viwe na urefu mmoja, sentimita 165. Vitatu ni sentimita 495. Zinabaki 105. Kati ya ubavu na ubavu kuna viunganishi viwili. Zamani kila kimoja kilikuwa sentimita 53. Viwili ni 106, na 106 haiingii kwenye 105. Kwa hiyo kila bomba lilitoa kiunganishi kimoja, na nusu mita ikaenda kwenye lundo la vyuma chakavu. Miaka mingi alilitazama lundo hilo. Siku moja akasogeza vishikio vya jigi, kiunganishi kikawa 51. Viwili ni 102. Jumla 597, na zile tatu zilizobaki zinakwenda na meno ya msumeno.

"Bomba moja, fremu moja," akasema.

Sentimita mbili tu. Nilikaa juu ya ndoo nikahesabu kwa kalamu mara mbili. Mwaka jana nilinunua mabomba matatu kwa kiti kimoja! Na mwembamba kama mpwa viunganishi vyake vinapungua zaidi, kwa hiyo bado vinaingia.

Wanakata kwa ajili ya viti kumi kwa mpigo. Siku ya kukata hakuna anayechoma. Siku ya kukunja hakuna anayekata. Mimi nilikuwa nakata kipande, nachoma, natafuta futikamba, natafuta kipande kingine.

Baada ya chakula nikauliza kuhusu magurudumu. Akaniletea ekseli ya baiskeli iliyopinda kama ukucha. Baiskeli huishika ekseli pande zote mbili, uma kulia na uma kushoto. Kiti mwendo kinaishika upande mmoja tu, upande wa pili uko hewani, na mtu mzima amekaa juu yake akiruka mashimo. Ndiyo maana habu ya baiskeli, yaani kitovu cha gurudumu, haifai hata kama rimu na spoku zinafaa. Yeye anapeleka bomba nene kwa mkereza, linakerezwa kuwa habu ya beringi mbili za 6202, zenye tundu la milimita 15, na ekseli ni nondo laini ya unene huohuo. Beringi hiyo iko kwenye duka la vipuri vya pikipiki kila mji. Rimu na tairi ni inchi 26. Mkereza akiletewa habu moja anatoza muda wa kufunga mashine, na akiletewa ishirini anafunga mashine mara moja.

Gurudumu la mbele ni pana, la mpira, umbo la pipa. Mzee analiita Zimbabwe, kwa kuwa muundo huo ulitokea huko, katika kazi za Ralf Hotchkiss na wenzake wa Whirlwind, shirika la kubuni viti mwendo. Hotchkiss ni Mmarekani aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, akakesha maisha yake yote akibuni viti vinavyoweza kutengenezwa kwa vyuma vya mtaani, na hakuvifungia kwa hataza, ile haki ya kuzuia wengine wasiige. Mzee alinionyesha michoro iliyochakaa kwa mafuta. Ningependa nipate nafasi ya kumshukuru mtu huyo.

Mpwa alijaribu kiti cha upana wa 36, kilichokuwa karibu zaidi na chake. Alizunguka karakana, akatoka nje kwenye mchanga, gurudumu la mbele halikuzama. Hakurudi kwa muda. Nilimkuta barabarani anateremka mwenyewe.

Siku ya nne. Moshi, Arusha, Namanga, Nairobi

Njia ndefu. Namanga tumegongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja, hati ya kusafiria ya mpwa haikuleta shida.

Kilichonikaa ni mazungumzo na wakala wa forodha aliyekuwa anakunywa chai karibu nasi. Kwa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, kiti mwendo kilichokamilika kinaingia kwa asilimia 0. Jambo jema, wala sitaki lifutwe. Ila bomba la chuma kutoka nje, ambalo fundi wa hapa angelitumia kutengeneza kiti hichohicho, linatozwa. Kanuni ikiona bomba haijui linakwenda kuwa geti au miguu ya mtoto. Mzee anashindana na kiti kilichopita mlango ambao vyuma vyake haviruhusiwi kupita. Lazima watu wetu wa bungeni waliangalie hili.

Siku ya tano. Nairobi

Asubuhi Kirinyaga Road, ambako wenyeji bado wanaita Grogan. Muuza beringi alinitupia swali kabla sijakaa: "Unataka ya leo ama ya kukaa?" Akaniwekea 6202 mbili juu ya kaunta. Moja ina kifuniko cha bati, imeandikwa ZZ. Nyingine ina kifuniko cha mpira pande zote mbili, imeandikwa 2RS. Ya mpira ni ghali kidogo, ila mchanga hauingii. Kwa pwani yetu hakuna mjadala. Nikauliza bei ya moja, kisha ya katoni. Tofauti ilinifanya nimpigie simu Mzee hapohapo, na tumekubaliana tuwe tunaagiza pamoja.

Mchana tulikwenda Westlands, Waiyaki Way, kwa APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya kilichoanza mwaka 1958. Wana karakana ya viti. Mpwa alisimamisha kiti mlangoni akashindwa kuingia, na nilipotazama anachokitazama nikaelewa: fundi aliyekuwa anachomelea alikuwa amekaa kwenye kiti mwendo, ngao usoni, cheche zinamrukia magotini kwenye aproni ya ngozi. Alipoinua ngao akamuona. "Sasa? Unataka kushika?" Akamwekea kipande cha bomba, akamvisha ngao, akamshika mkono. Mstari wa kwanza wa mpwa wangu ulikuwa mapovu matupu. Wa tatu ulishika.

Mtu mwingine pale alinisimulia habari za kiti cha mitaimbo. Mwaka 2005 mwanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani aitwaye Amos Winter alikaa Tanzania akichunguza viti mwendo vya huku, akaona viti havifiki mbali na baiskeli za kupiga kwa mikono haziingii ndani. Yeye na wenzake wakabuni kiti chenye mitaimbo miwili ya kusukuma kwa mikono, mnyororo na meno ya baiskeli ya kawaida. Ukishika mtaimbo juu unapata nguvu ya mlima, ukishika chini unapata mwendo. Mwaka 2009 wakakileta kujaribiwa Kenya, Uganda na Tanzania, na APDK walishiriki. Watumiaji wakasema wazi: barabarani kinaruka, nyumbani ni kizito na kipana. Wabunifu wakarudi mezani wakapunguza uzito na upana. Nimependa zaidi hapo walipokubali kurudi. Mwaka jana mpwa aliniambia mkono unauma, na mimi nilimwambia atazoea.

Nimemwomba radhi usiku huu. Amesema, "Yamepita, Mjomba." Hayajapita kwangu.

Siku ya sita. Treni hadi Mombasa

Syokimau hadi Miritini. Tsavo mpwa ameona tembo wekundu kwa udongo. Jioni tumepita Bombolulu, karakana za APDK zilizoanza mwaka 1969, ambako watu wenye ulemavu wanatengeneza vito, mikoba na nguo. Zilikuwa zinafungwa. Tumelala kwa shemeji Kisauni.

Siku ya saba. Likoni hadi nyumbani

Likoni tulifika maji yamekupwa, na maji yakikupwa njia ya kushukia kivuko inakuwa na mwinuko mkali. Upande wa pili mpwa alianza kupanda, gurudumu za mbele zikanyanyuka, na kama kijana mmoja asingemdaka angeanguka kichogo. Tulipotulia pembeni nikapima kwa shubiri: ekseli ya kiti chake iko mbali mbele ya mgongo wake kuliko ya Mzee. Ekseli ikiwa mbele kiti kinakuwa chepesi kusukuma na kugeuza, lakini kinapinduka nyuma. Ikiwa nyuma kinatulia, ila kinakuwa kizito. Hakuna jibu moja. Mzee anatoboa bamba matundu matatu, mtu anahamisha kadiri anavyozoea. Nilipoyaona Moshi sikuyajali. Matundu matatu, dakika mbili za kutoboa.

Ukunda, Lunga Lunga, Horohoro, na magharibi tukawa Tanga.

Siku ya kumi na tisa

Nimeongeza ukurasa huu kwa sababu safari haikuishia stendi.

Jigi yangu imekwisha juzi. Nimetumia bamba la meza niliyokuwa nimewekewa oda na mtu akaingia mitini. Mto mpya wa mpwa, wa sponji za tabaka mbili wenye shimo chini ya mifupa, umetengenezwa kwa maelekezo ya Moshi, na dada anakagua ngozi kila usiku kwa kioo. Alama imeanza kufifia.

Jana nilichoma fremu ya kwanza, nikaifunga magurudumu, nikaiweka kwenye kigae cha baraza. Gazeti lilipita chini ya gurudumu la mbele kulia. Nilifungua jigi nikakuta boliti moja imelegea kwa moto. Nimeiwekea nati ya pili.

Leo ya pili. Mpwa mwenyewe ndiye aliyelishika gazeti. Mbele kushoto, likagoma. Mbele kulia, likagoma. Nyuma zote mbili, likachanika mkononi mwake.

Akahamia kiti kipya, akapita mlango wa choo bila kugusa fremu, akarudi uani akaniomba futikamba na chaki. Sasa hivi ninapoandika ameegemeza bomba jipya kwenye ukuta, anaweka alama: 165, 165, 165. Mtoto wa jirani nyuma ya msikiti, nyonga zake ni 29. Ameshakwenda kumpima.